Jinsi ya kupanga ukuaji wa mhusika na wasaidizi wa kuajiriwa katika gemu ya mtandaoni

Wanaoanza kutengeneza gemu ya kuigiza uhusika mara nyingi humshughulikia shujaa kwanza: leveli zake, pointi zake, silaha, ujuzi. Wasaidizi wa kuajiriwa hubandikwa mwishoni, gemu ikiwa imekaribia kutoka. Matokeo huwa moja kati ya mawili. Ama msaidizi hafai kitu, anakwama kwenye kona na kuanguka kila dakika, ama ana nguvu mno kiasi kwamba hakuna mchezaji anayeona sababu ya kumtafuta mwenzake. Mwongozo huu unashika njia nyingine: nguvu za shujaa na za waajiriwa wake zinatoka kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo unahesabiwa kabla hujaandika programu yoyote.

Ili tusiongee hewani, nitatumia gemu moja ya kufikirika: msafara wa biashara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita 1,200 hivi kupitia Ugogo na Tabora. Nimeichagua kwa sababu humo kuajiri watu ndiyo kazi yenyewe. Bila wapagazi, askari na kirangozi, yaani kiongozi wa njia, hapakuwa na msafara. Gemu inachezwa kwenye simu, msafara mmoja una nafasi nne, na leveli ya juu ni 40. Andaa jedwali la Excel, au daftari la mistari kama huna kompyuta.

Hatua ya 1: Anza na saa, pointi zitafuata

Jiulize mtu wa kawaida atumie muda gani kutoka leveli ya 1 hadi ya 40. Kwa gemu ya timu ndogo, saa 40 zinatosha. Anayecheza saa moja kwa siku atafika juu chini ya wiki sita, na wewe utakuwa umepata muda wa kutengeneza vitu vya kumbakiza.

Sasa zigawe hizo saa. Hatua ya kwanza, kutoka leveli ya 1 kwenda ya 2, ichukue dakika 10, kisha kila inayofuata idai muda zaidi kwa asilimia 8. Ukijumlisha hatua zote 39 unapata dakika 2,389, karibu saa 40 kamili, na ile ya mwisho, kutoka 39 kwenda 40, inakula saa tatu na dakika sita. Badilisha 8 iwe 10 uone kinachotokea: jumla inaruka hadi saa 67, na hatua ya mwisho inapita saa sita. Asilimia mbili tu zimekuongezea saa 27. Namba hii haikisiwi kwa jicho.

RuneScape, gemu ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2001, ina mlima mkali kuliko huo. Pointi za kila hatua huongezeka takriban maradufu kila baada ya leveli saba. Leveli ya 99 inataka pointi 13,034,431, na ukifika ya 92 una 6,517,253, maana yake ndiyo kwanza umefika nusu ya njia. Wachezaji wake wamelifanya hilo utani na fahari kwa pamoja. Gemu changa haina ubavu wa kuwaomba watu uvumilivu wa namna hiyo.

Muda ukishajulikana, pointi zinajileta zenyewe. Tuseme mchezaji wa leveli fulani huingiza kwa dakika pointi 50, jumlisha leveli yake mara 5. Akiwa leveli ya 10 anaingiza 100 kwa dakika; hatua yake inachukua dakika 20; basi kupanda kwenda 11 kunagharimu pointi 2,000. Akiwa ya 20 anaingiza 150, dakika ni 43, bei ni kama 6,500. Jaza jedwali lote hivyo. Baadaye ukibadilisha mapato ya misheni, bei za leveli zinajirekebisha bila kuvuruga zile saa 40.

Ongeza na akiba ya mapumziko, yaani ziada ya pointi kwa aliyekaa bila kucheza. World of Warcraft ilipokuwa kwenye majaribio kabla ya kutoka mwaka 2004, aliyecheza muda mrefu alikatwa pointi hadi nusu, na watu wakalalamika sana. Blizzard, watengenezaji wake, wakageuza maelezo: aliyepumzika anapata asilimia 200, asiyepumzika anapata 100. Hesabu ilikuwa ileile, kelele zikaisha. Kwa wachezaji wa huku akiba hii ina kazi nyingine tena: aliyeishiwa bando Jumanne akaweka jingine Ijumaa asirudi na kukuta wenzake wamemwacha mbali.

Hatua ya 2: Amua leveli inampa mtu nini

Shujaa wetu ana sifa nne: Mgongo (uzito anaobeba), Kifua (uhai na ustahimilivu), Jicho (kuona hatari na kulenga), na Ulimi (bei sokoni na maelewano ya hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa njiani). Kila leveli inampa pointi mbili za kugawa apendavyo. Kila baada ya leveli nne anapata ujuzi mpya, kwa hiyo akifika 40 anao kumi, lakini anaruhusiwa kutumia sita tu kwa safari moja.

Kizuizi hicho cha sita ndicho kinachofanya gemu iendelee kuwa na ladha baada ya leveli ya mwisho. Guild Wars ya mwaka 2005 iliweka leveli ya juu kuwa 20 tu, ikampa mchezaji nafasi nane za ujuzi huku ujuzi wote, pamoja na wa matoleo yake ya baadaye, ukizidi 1,000. Mtu alifika 20 mapema, kisha akaendelea kukua kwa upana: kutafuta mchanganyiko mpya, kujaribu, kubadilisha akiwa mjini.

Uhai uongezeke kwa kiasi kilekile kila leveli. Anza na 100, ongeza 12. Leveli ya 40 atakuwa na 568. Ukitumia asilimia kwenye uhai, baada ya nyongeza mbili tatu za gemu utakuta maadui wana uhai wa mamilioni na hakuna anayeelewa chochote. Leveli nazo huvimba hivyohivyo: World of Warcraft ilipandisha leveli ya juu hadi 120 mwaka 2018, halafu mwaka 2020 ikazishusha zote, kilele kikarudi 60.

Ruhusu kufuta na kupanga upya. Diablo II ilitoa pointi tano za sifa na moja ya ujuzi kwa kila leveli, na kwa miaka kama kumi aliyegawa vibaya hakuwa na njia ila kuanza mhusika mpya. Apdeti ya mwaka 2010 ndiyo iliyoleta ruhusa ya kufuta. Katika gemu yetu kufuta ni bure mpaka leveli ya 15, baada ya hapo bei yake ni mapato ya saa moja. Mtu asiogope kujaribu, ila pia asibadilike kila anapokutana na adui mpya.

Hatua ya 3: Hesabu mfuko mmoja wa nguvu

Katika gemu ya mtandaoni msaidizi wa kuajiriwa anashindana na binadamu. Kila akizidi uwezo, nafasi ya rafiki wa kweli msafarani inapungua thamani. Kila akipungua, anayecheza peke yake usiku wa manane anakwama.

Guild Wars ilianza na waajiriwa wa kawaida, ikaongeza wasaidizi unaowavisha na kuwapangia ujuzi mwaka 2006, lakini watatu tu kwa kila mchezaji. Mwaka 2011 ikaruhusu saba, kikosi kamili cha wanane chenye binadamu mmoja. EverQuest iliruhusu mamluki mwaka 2008, ikiwa na umri wa miaka tisa. World of Warcraft iliruhusu kuingia baadhi ya mapango na wenzako wa kompyuta Januari 2024. Kawaida milango hii hufunguliwa watu wanapokuwa wagumu kupatikana. Gemu yako ndogo haitakuwa na watu wengi tangu siku ya kwanza, basi fungua mlango siku hiyohiyo, ila upime upana wake.

Binadamu mmoja anayejua anachofanya tumpe thamani ya 100. Msaidizi tumpe 65. Nafasi ni nne:

- Watu wanne: 400
- Watu watatu na msaidizi mmoja: 365
- Watu wawili na wasaidizi wawili: 330
- Mtu mmoja na wasaidizi watatu: 295

Misheni za kawaida zipange zihitaji 260. Mtu peke yake atapita na akiba kidogo ya kukosea. Misheni ngumu zihitaji 360. Hapo wawili hawatoshi, wanatakiwa watatu, na nafasi ya nne inaweza kujazwa na mwajiriwa kama hakuna mtu wa nne. Kundi la marafiki watatu ndilo linalopatikana kirahisi, kwa hiyo mpaka nauweka hapo. Ukitaka wawili nao wapite, shusha hadi 320. Usipandishe nguvu ya msaidizi, maana utakuwa umegusa misheni zote kwa mkupuo.

Namba 65 inapimwa vipi? Chukua misheni moja, icheze na watu wanne, andika dakika. Ondoa mmoja, weka mwajiriwa, cheza tena. Endelea kupunguza madhara anayosababisha na uponyaji wake mpaka tofauti ya muda ilingane na tofauti ya mfuko.

Hatua ya 4: Andika mkataba wake

Hapa ndipo gemu nyingi zinapojirahisishia kazi. Unalipa dhahabu mara moja, mtu anakuwa wako maisha. Kwenye Diablo II mamluki akifa unalipia kumfufua, bei inapanda kadiri anavyopanda leveli, lakini inagota kwenye dhahabu 50,000, na kwa mchezaji mkubwa hiyo ni hela ya karanga. EverQuest ilikuwa na akili zaidi: mamluki anakatwa ujira wake kila baada ya muda kadhaa akiwa kazini. Ragnarok Online iliweka mkataba wa nusu saa, ukiisha, anaondoka.

Misafara yenyewe inatupa mfano bora kuliko zote hizo. Mpagazi, na wengi walikuwa Wanyamwezi, alipatana ujira wake kwa nguo: merikani, kaniki na nyinginezo, zikipimwa kwa shuka na doti. Mara nyingi sehemu ya ujira ilitolewa mbele. Njiani alidai posho, chakula chenyewe au nguo ya kununulia chakula. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei. Aliyenyimwa posho au kubebeshwa kupita kiasi alitoroka usiku, na misafara kadhaa ilikwama porini mizigo ikiwa chini na migongo ya kuibeba haipo.

Kwa hiyo weka malipo matatu. Kianzio, kinacholipwa Bagamoyo. Posho, inayokatwa kila saa ya kucheza. Na mafao, yanayotolewa msafara ukifika Tabora au Ujiji. Sarafu ya gemu ni doti.

Posho ya mtu mmoja iwe sehemu ya kumi ya mapato ya saa ya mwajiri wake. Mchezaji wa leveli ya 10 akiingiza doti 10 kwa saa, kila msaidizi anakula doti moja. Watatu wanakula tatu, anabaki na saba. Akiwa leveli ya 20 na mapato ya doti 25, kila mmoja anakula mbili na nusu. Kwa kuwa ni sehemu ya kumi daima, msaidizi hawi ghali mwanzoni wala hawi wa bure mwishoni. Anayesafiri na marafiki watatu anabakiza mapato yake yote, na hiyo pekee inatosha kumfanya awatafute.

Kata doti, usikate pointi za uzoefu. Ukigawa pointi za shujaa na waajiriwa wake, watu wataanza kuwaacha nyuma kabla ya kila pambano zuri, halafu watakuchukia kwa kuwalazimisha kufanya hivyo. Msaidizi apate pointi zake mwenyewe, kando.

Sasa uaminifu. Kila mwajiriwa ana namba kati ya 0 na 100, akianza na 50:

- posho imelipwa kwa wakati: +1 kwa saa
- posho imekosekana: −10
- mzigo umezidi kilo 32: −2 kila dakika kumi
- ameanguka vitani akaachwa: −15
- ameanguka akabebwa hadi kambini: +5
- mafao yamelipwa yote mwisho wa safari: +10

Mchezaji aione namba hii, na aone kilichoibadilisha. Ikificha sababu, atadhani gemu ina hitilafu. Uaminifu ukishuka chini ya 20, mwajiriwa asiondoke kimyakimya. Aseme kwanza, kambini, moto ukiwa umewashwa:

«Bwana, tangu juzi hatujaiona posho. Na mzigo huu ni wa watu wawili.»

Kama mhusika ni mwanamke, aitwe Bibi. Majibu yawe matatu: lipa sasa, punguza mzigo, au «vumilia mpaka Mpwapwa». La tatu linafanya kazi mara moja tu, na lina nguvu zaidi kwa mwenye Ulimi mrefu. Kufikia kambi inayofuata bila kurekebisha chochote, asubuhi unakuta ameondoka na mzigo wake umewekwa chini palepale alipolala.

Huo mzigo uliobaki ni uamuzi wa makusudi. Katika historia wapo waliotoroka nao, lakini mchezaji aliyepoteza silaha yake adimu kwa mhusika wa kompyuta ataifuta gemu siku hiyohiyo. Adhabu inayotosha ni kilo 30 zisizo na mbebaji katikati ya Ugogo. Vilevile, msaidizi asitoroke katikati ya pambano, na saa ya posho isimame papo hapo mtandao unapokatika. Mtu aliyepoteza mawimbi akiwa ndani ya daladala asirudi nyumbani na kukuta ametorokwa na watu watatu.

Mambo mawili ya kuamua mapema, kwa sababu baadaye yatakuumbua. Misafara mingi ya wakati ule ilikuwa na watumwa, wengine wakibeba mizigo, wengine wakipelekwa pwani kuuzwa. Usiwaweke kwenye orodha ya kuajiri, wala usiwape bei. Waoneshe kwenye hadithi ya misheni, kwa uzito wake. La pili ni makabila. Ni rahisi kuandika kwamba wa kabila fulani ana Mgongo +10. Acha. Nguvu itokane na kazi na uzoefu. Asili ya mtu ibaki kwenye jina, salamu na hadithi zake. Vinginevyo watu watagombania makabila, na gemu yenyewe wataisahau.

Hatua ya 5: Panga anavyokua

Diablo II ilipotoka mwaka 2000, mamluki hakuweza kukufuata kwenye sura inayofuata ya hadithi, na akifa amekufa. Nyongeza ya 2001 ilimruhusu kufufuliwa, kusafiri sura zote, kupanda leveli, na kuvaa silaha, vazi la kivita na kofia. Tangu hapo watu wakaanza kuwahifadhia mamluki vitu vizuri. Nafasi tatu za vifaa zilitosha kumfanya mtu awe wako.

Gemu hiyohiyo inaonesha mtego. Mamluki wa jangwani wa sura ya pili walikuja na nguvu inayosambaa kwa kikosi kizima, na kwa miaka mingi wachezaji wengi hawakuona haja ya kumchukua mwingine. Nguvu inayogusa kila mtu hushinda nguvu inayomgusa mmoja, hata ukiiandika kwa namba ndogo. Ukitaka kuwa nayo, ipe kila kazi, kila moja kwa namna yake, au usiipe yoyote.

Tuna kazi tano: mpagazi, askari, kirangozi, mganga na mkalimani. Kila mmoja ana nafasi tatu za vifaa. Leveli yake haizidi ya mwajiri wake. Akifika ya 10, ya 20 na ya 30 mchezaji anamchagulia moja kati ya njia mbili. Askari wa leveli ya 10, kwa mfano, ama anajifunza kusimama mbele na kupokea mapigo, ama kulinda mizigo usiku. Machaguo matatu ya njia mbili ni aina nane za askari. Kwa kazi tano unapata aina 40, na 40 zinajaribika na timu ya watu wawili. Ukimpa mti wa ujuzi wenye matawi 30 kama wa shujaa, hutamaliza kuujaribu mpaka mtandao wa 6G ufike.

Kisha weka cheo. Mwajiriwa mwenye uaminifu wa 80 na leveli ya 30 anaweza kuwa mnyapara, na hapo anapata jina lake la kudumu, hadithi yake, na uwezo wa kuzuia wengine wasitoroke kwa kambi moja zaidi. Sidi Mubarak Bombay, mtu halisi wa misafara ya karne ya 19, alipita njia inayofanana na hii. Mwaka 1857 alichukuliwa kama askari wa kawaida katika msafara wa Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza. Baadaye akawa mkuu wa watu katika misafara mingine, ukiwemo wa Stanley wa 1871 na wa Cameron wa 1873. Mchezaji atamkumbuka mnyapara aliyemwajiri kwa doti tano Bagamoyo muda mrefu baada ya kusahau alipata wapi bunduki yake.

Kuhusu majukumu, jifunze kwa Star Wars: The Old Republic. Ilipotoka mwaka 2011 kila mwenza alifungwa kwenye jukumu moja, na watu walijikuta wakisafiri na wasiyempenda kwa sababu tu ndiye mganga. Mwaka 2015 wakaruhusu kila mwenza kushika jukumu lolote. Sisi tuna njia ya kati: kazi haibadiliki, ila kila kazi iwe na watu wa tabia tofauti. Waganga watatu wa Bagamoyo wawe na uwezo uleule na vinywa visivyofanana.

Hatua ya 6: Mpe akili kidogo, iliyo wazi

Kwenye skrini ya simu hakuna nafasi ya amri kumi. Weka tatu: nifuate, kaa hapa, mlinde huyu. Mengine ajiamulie kwa orodha inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Ya mganga ni hii:

1. Mwajiri yuko chini ya asilimia 35 ya uhai: mtibu.
2. Mimi niko chini ya 30: rudi nyuma.
3. Mwenzangu yeyote yuko chini ya 50: mtibu.
4. Mwajiri anapigana: mshambulie adui anayemshambulia yeye.
5. Vinginevyo: fuata.

Akianza kutibu kwenye 35 aendelee mpaka 60. Usipoweka pengo hilo atatibu kidogo, aache, atibu tena, huku akiyumba kama aliyelewa. Mpe na kuchelewa kidogo kabla ya kila uamuzi, kama sekunde 0.4, ili asiwe na wepesi ambao binadamu hana. Na akiwa mbali zaidi ya mita 25 kwa sekunde sita, na hakuna pambano, mhamishe nyuma ya mwajiri wake. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba msaidizi amejitokeza ghafla. Wanalalamika alipobaki kwenye mwamba.

Maamuzi yote yafanywe kwenye seva, kompyuta ya kati ya gemu. Ukiyaacha kwenye simu, siku ya pili kuna mtu ana mganga asiyekufa. Kutuma maamuzi mara tano kwa sekunde kunatosha, na kunaokoa bando la mchezaji.

Hatua ya 7: Ziba mianya

Mwanya mkubwa ni wa kulala. Mchezaji anawaacha waajiriwa watatu mbele ya mapango ya fisi, anakwenda kulala, anaamka amepanda leveli. Dawa ni mbili: msaidizi asianze pambano ambalo mwajiri hajalianza, na simu isiyoguswa kwa dakika mbili isiingize pointi.

Wa pili ni wa akaunti nyingi: mtu mmoja na simu nne. Huu siusumbukii sana. Anagharamia simu nne.

Wa tatu unakuhusu wewe mwenyewe, siku utakapotaka gemu iingize hela. Usiuze mganga mwenye nguvu zaidi kwa M-Pesa. Ukifanya hivyo ule mfuko wa hatua ya 3 umepasuka: aliyenunua mganga wa thamani ya 100 ana 330 peke yake, sawa na watu wawili na wasaidizi wawili, na haja ya kumtafuta mwenzake inapungua. Uza mavazi ya mnyapara, ngoma za kambini, rangi za bendera ya kirangozi.

Hatua ya 8: Cheza kwenye jedwali kabla ya kucheza kwenye simu

Tengeneza wachezaji watatu wa kubuni. Wa kwanza anacheza peke yake saa moja kila siku. Wa pili ni wa Jumamosi na Jumapili tu, saa tatu tatu. Wa tatu ana marafiki wawili na wanakutana jioni mara tatu kwa wiki. Wapitishe leveli ya 1 hadi 40, safu kwa safu: dakika, pointi, doti zinazoingia, posho inayotoka, uaminifu. Angalia mambo matatu. Je, wa kwanza anaishiwa doti wakati wowote? Kama ndiyo, ni kati ya leveli ya 5 na ya 10, pale anapoajiri mtu wa pili kabla mapato hayajakaa sawa. Shusha kianzio, usiguse posho. Je, wa pili ameachwa zaidi ya leveli tano baada ya mwezi? Ongeza akiba ya mapumziko. Je, wa tatu anaajiri mtu yeyote? Asipoajiri kabisa, nafasi yake ya nne inakaa tupu, na kwa misheni ngumu zinazohitaji 360 atagonga mwamba akiwa na 300. Hapo mwoneshe mapema, kwenye skrini ya kuandaa msafara, kwamba kuna nafasi wazi na kuna askari anasubiri sokoni.

Gemu ikishatoka, hesabu kila wiki ni kazi gani inaajiriwa zaidi. Moja ikipita nusu ya ajira zote, usiikate miguu. Zipandishe nyingine nne kidogo, tangaza mabadiliko siku tatu kabla, na wape wote nafasi moja ya bure ya kubadilisha machaguo ya waajiriwa wao.